Nafundisha muziki Nyali, Likoni wananiambia nimehama

BARUA

Somo yangu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Likoni, na nafundisha muziki katika shule moja ya kibinafsi upande wa Nyali. Mtaa wetu sitautaja kwa sababu mama hupenda kusomewa safu hii, na majirani pia.

Baba alitutoka nikiwa chuoni. Mimi ndiye kifungua mimba. Wadogo zangu wawili ni wavulana: mmoja anasomea umeme katika chuo cha ufundi, mwingine yuko kidato cha nne. Mama hupika mahamri na mbaazi na kuuza mlangoni alfajiri, lakini tangu presha imuanze hawezi kusimama motoni muda mrefu. Kodi, karo na dawa, kubwa lao natoa mimi.

Natoka nyumbani kukiwa bado giza, nateremka feri na umati, nikivuka nachukua matatu hadi Posta, pale nabadilisha ya Nyali. Mchana nafundisha kinanda na rekoda, jioni kwaya. Muhula huu wa pili ndio wa mashindano ya muziki ya shule, kwa hivyo mazoezi yamezidi: kila jioni, kila Jumamosi, na mara nyingine mwalimu mkuu huongeza Jumapili baada ya adhuhuri. Jumanne na Alhamisi nikitoka shule napita nyumba mbili tatu hapo hapo Nyali kufundisha watoto piano. Hizo ndizo pesa za karo. Nikifika Likoni huwa saa tatu za usiku, na feri ikisumbua ni saa nne.

Mama huwa amenisubiri na sinia ya unga. Tui limeshachujwa, iliki imeshatwangwa, kilichobaki ni mikono. Nakanda mpaka unga uache kunata vidoleni, naufunika, naenda kulala. Vidole hivyo hivyo nimevipigisha kinanda kutwa, na kuna usiku huuma mpaka kwenye kifundo cha mkono. Simwambii. Watu wakimuuliza nafanya kazi gani, mama hujibu, "Yuaimbisha watoto wa matajiri." Hasemi kwa ubaya, lakini mimi huniuma.

Mjomba, ambaye alitushika mkono baada ya baba kufariki, amenitafutia kazi mjini katika ofisi ya kliaringi, wale wanaotoa mizigo ya watu bandarini. Mshahara ni shilingi 38,000, wakati shule hunilipa 28,000, na jioni saa kumi na moja nimetoka. Anasema muziki ni wa kujifurahisha, si wa kujengea nyumba, na ana maneno yake ya dini pia. Anataka jibu mwisho wa mwezi. Mama hajasema niende wala nisiende. Amesema tu, "Mtaka yote hukosa yote."

Lakini Somo, mimi kazi yangu naipenda. Kwaya yangu, wale wa sauti ya pili walikuwa wakivutwa na sauti ya kwanza kila tukifika ubeti wa pili. Wanapotea wote, tunaanza upya. Wiki iliyopita waliishika sauti yao mpaka mwisho bila mimi kuwapigia noti. Mkono wangu ulibaki juu, nikasahau kuushusha. Hiyo siwezi kumweleza mjomba.

Sasa kuna shoga yangu, tumekua pamoja, tumevaa buibui la kwanza pamoja. Babake alifariki mwanzoni mwa muhula. Nilienda siku ya maziko, nikatoka kabla ya alasiri kuwahi mazoezi. Kwenye matanga sikulala, hitima sikufika. Nilimtumia rambirambi kwa simu na mchango wangu. Mwezi ujao anaolewa. Posa ilikuwa tayari, na marehemu mwenyewe aliusia harusi isicheleweshwe. Hina ni Ijumaa usiku, nikaha na kupamba ni Jumamosi. Aliniomba nikae naye wiki nzima, na usiku wa hina niwaongoze wanawake kuimba, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye harusi za dada zetu. Jumamosi hiyo hiyo kwaya yangu inaimba mashindano ya kaunti.

Nilipomwambia aliniandikia, "Usijali, tushakuzoea. Wewe sasa mtu wa ng'ambo." Tangu siku hiyo grupu letu la mashoga limekuwa kimya. Nikiandika hakuna anayejibu. Labda wamefungua jingine bila mimi.

Zaidi ya hayo sauti imenikauka, ni wiki kadhaa sasa. Darasani naongea kwa kupiga makofi na kuonyesha kwa mikono.

Naona kila mtu nampa mabaki. Shule inapata mabaki ya usiku, mama anapata mabaki ya shule, na mashoga hawapati hata hayo. Nimuache nani? Niende kliaringi niwe na jioni zangu? Nikose mashindano au nikose harusi? Nishauri, mwenzio sioni njia.

Mwalimu wa Kuvuka, Likoni

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya baba kwanza, maana umemtaja kwa mstari mmoja ukapita, na mtoto aliyefiwa akiwa chuoni kisha akashika nyumba papo hapo aghalabu hakupata nafasi ya kulia sawasawa. Pole ya kazi pia.

Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta mtu aliyekwambia umuache mwingine. Sikumuona. Mama anataka unga ukandwe. Mjomba anataka usihangaike. Mwalimu mkuu anataka kwaya ifike mbali. Shoga yako anataka uwe naye. Kila mmoja ameomba lake, na kwa jinsi nilivyosoma hakuna anayejua mwenzake ameomba nini. Wewe ndiye uliyeyakusanya yote ukayafanya swali moja la "nimuache nani". Huenda uchovu ndio uliouliza hivyo. Mtu akichoka sana, mambo manne yenye majibu manne tofauti humjia kama jambo moja kubwa lisilo na jibu. Niruhusu niyatenganishe, na nianze na lile ambalo nadhani ndilo linalokuuma zaidi, ingawa umelichelewesha mpaka mwisho.

Shoga yako. Wewe umeandika kana kwamba ugomvi ni wa Jumamosi ya harusi. Mimi nakuuliza kwa upole: una hakika? Hebu yasome tena maneno yake. "Tushakuzoea." Mtu hazoei jambo ambalo bado halijatokea. Harusi haijafika, bado hujaikosa. Alichozoea ni kitu cha nyuma, na cha nyuma nikionacho mimi ni matanga ya babake. Kwetu sisi, wakati wa msiba watu hawahesabu mchango. Wanakumbuka nani alilala kwenye jamvi, nani aliosha sufuria, nani alikaa kimya pembeni yao saa nane za usiku nyumba ilipotulia na ukweli ukaingia. Wewe, ambaye ulipata kufiwa na baba kabla yake, ndiye pengine aliyekuwa akimngoja kuliko wote. Kati ya mashoga zenu, nani mwingine angejua?

Sikulaumu. Ulikuwa na kazi, na kazi ile ndiyo inayolisha nyumba. Lakini naona huenda mnabishana kuhusu tarehe wakati jambo lenyewe ni marehemu. Mkiwa hivyo, hata ukimpa Jumamosi yote, bado atabaki na kifundo.

Kama ungetaka kujaribu njia hiyo, nenda kwao. Si kwa simu wala kwa ujumbe wa sauti. Tafuta jioni moja isiyo ya piano, uende bila habari za ratiba mkononi, ukae naye na mamake mle eda. Umuulize babake alikuwaje siku zake za mwisho. Pengine kesi ya harusi isitajwe kabisa siku hiyo. Hatari ipo, nisikufiche. Anaweza kuyamwaga yote usoni pako, na baadhi yatakuwa kweli, na wewe utatamani kujibu kwa kumhesabia karo, kodi na dawa. Ukianza hesabu hiyo mazungumzo yamekwisha, kwa sababu yeye hatasikia taabu yako, atasikia udhuru. Tena anaweza kukaa kimya akupe soda na ukarudi nyumbani bila kujua umesameheka au la. Lakini kwa grupu lililonyamaza huwezi kujua lolote. Hilo la "labda wamefungua jingine" ni dhana. Wamama wa watu wana harusi ya kupanga ndani ya nyumba ya msiba, huenda hawana neno la kusema kwa yeyote.

Sasa Jumamosi yenyewe. Umeniambia siku, hukuniambia saa. Nikaha, kama ya wengi wetu, nadhani ni msikitini, na hapo ni shughuli ya wanaume. Kupamba kwetu huwa jioni, na bibi harusi hatolewi nje mapema. Mashindano nayo huendeshwa kwa madaraja: kuna saa ya nyimbo za kiasili, kuna saa ya kwaya zenye wimbo maalum, kuna saa ya ala. Ratiba hutoka, na mwenye kuuliza huambiwa. Je, kwaya yako inapanda asubuhi au jioni? Kama ni asubuhi, inawezekana siku hiyo ikatosha yote mawili, kwa jasho. Kama ni jioni, ni kesi nyingine, na hapo utaulizia kama yuko mwalimu mwenzako anayeweza kusimama mbele ya watoto ukiwa umeshawapika. Kanuni za mashindano kuhusu nani aongoze zisome kabla hujamwahidi mtu yeyote kitu.

Kila njia ina mwiba wake. Ukiwaacha watoto wa sauti ya pili siku ya jukwaa, wanaweza kuvutwa tena na sauti ya kwanza, si kwa sababu hawajui, bali kwa kuwa uso waliouzoea haupo. Ukijaribu yote mawili, kuna foleni ya daraja la Nyali na kuna feri, na wewe unajua zaidi yangu kuwa feri haina haya. Ukiikosa harusi, mashindano yatakuja mwakani na mwaka wa baada yake (yako tangu 1927), na shoga yako haolewi mwakani. Ukiyakosa mashindano, wapo watoto wa darasa la sita ambao nao hawatakuwa hapo mwakani. Siwezi kukupimia wewe hiyo. Ninachoona tu ni kwamba usiku wa hina ni Ijumaa, na Ijumaa hujanitajia kizuizi chochote isipokuwa mazoezi ambayo umeyaweka wewe au mwalimu mkuu. Huo usiku umeushughulikia vipi?

Na huo usiku alikuomba uimbishe. Kwa sauti iliyokauka, mwanangu? Mwambie ukweli wa koo lako. Unaweza kukaa na tari au dumbaki ukashika mapigo, na kuwafundisha wawili watatu nyimbo mapema waongoze wao. Wewe ni mwalimu. Huenda pia ndiyo sababu nzuri ya kuonana na wale mashoga walionyamaza kabla ya siku yenyewe, kwa mazoezi ya sebuleni.

Nije kwa mama.

Nimeiona ile sinia. Nimeona mikono yako. Swali la kwanza lilinijia haraka: hao wavulana wawili wako wapi? Anayesomea umeme ana mikono, wa kidato cha nne ana mikono. Nani alisema unga wa mahamri unakandwa na binti peke yake? Pengine hakuna aliyesema, imekuwa tu hivyo tangu ulipokuwa mdogo, na wewe hukuuliza, na wao hawakujitolea. Hilo laweza kusemwa nyumbani, bila ugomvi, siku ya mapumziko wote mkiwepo.

Lakini nikakaa, nikafikiri zaidi, nikaona kuna kitu cha kuangalia kabla hujaitoa sinia mikononi mwako. Mama amechuja tui. Ametwanga iliki. Mwanamke aliyeuza mahamri miaka yote hiyo anajua namna ya kuupata unga ukandwe mapema, hata kwa kumuita mtoto wa jirani. Anakungoja wewe, saa tatu, saa nne. Je, anangoja mikono au anangoja mtu? Yawezekana ile nusu saa ya unga ndiyo pekee anayokuona siku nzima. Ukiwapa wavulana sinia ukaenda kulala moja kwa moja, vidole vyako vitapona na yeye atakuwa amepoteza kitu ambacho hajawahi kukitaja. Wavulana wakikanda, wewe huwezi kukaa kwenye kibao pembeni mkazungumza? Mimi siijui nyumba yenu. Jaribu kumuangalia usoni usiku mmoja mkiwa mnakanda, uone.

Halafu lile neno, "Yuaimbisha watoto wa matajiri." Limekuuma, na una haki. Nikuulize: tangu uanze kazi, mama amewahi kuvuka akakuona unafundisha? Barua yako haisemi. Umeniandikia mimi, mgeni, habari za sauti ya pili zilizonifanya nami nitamani kuisikia kwaya hiyo, kisha ukasema huwezi kumweleza mjomba. Huwezi, au hujajaribu? Mama yako haoni kazi, anaona mtoto anayetoka giza na kurudi giza. Vidole vinavyouma humwambii. Sauti iliyokauka nadhani unamficha pia. Unawataka waiheshimu kazi ambayo umeifunga mlango wasiione. Fikiria, ukipenda, kumpeleka kwenye mashindano, au hata mazoezi ya Jumamosi moja, kama presha yake inaruhusu safari ya feri na matatu mbili. Anaweza kutoka pale akasema vile vile. Na hilo uwe tayari nalo.

Kuhusu mjomba nataka niende taratibu, kwa sababu ni rahisi kumfanya adui na simuoni hivyo. Aliwashika mkono mlipoanguka. Anamuona binti wa dadake anavuka bahari usiku, na anatafuta namna ya kumrudisha nyumbani mapema. Hilo ni pendo, hata kama limekuja na dharau kidogo kwa unachokipenda.

Hesabu yake ifanye, usiitupe. Shilingi 38,000 ni zaidi ya 28,000, ni kweli. Lakini umezihesabu za piano? Umenitajia mshahara wa shule peke yake. Ukijumlisha masomo ya Jumanne na Alhamisi, kisha ukatoa nauli, tofauti yaweza kuwa ndogo kuliko inavyoonekana, au yaweza kuwa kubwa zaidi. Likizo za shule je, wale watoto wa piano hulipa? Chukua karatasi. Kisha upande wa pili: wengi wetu Mombasa tunaiona kliaringi kama kazi isiyotikisika, na bandari ndiyo mama wa mji huu, sikatai. Hata hivyo kumbuka shehena zilipolazimishwa kwenda kwa reli moja kwa moja hadi Nairobi, ofisi nyingi za hapa zilipunguza watu, mpaka agizo lile lilipoondolewa 2022. Hakuna meza isiyo na misimu yake. Na hiyo saa kumi na moja ya kutoka, ulizia wanaofanya kazi hapo, meli zikijaa hutoka saa ngapi?

Anaposema muziki haujengi nyumba, hana hoja tupu, walimu wengi wa muziki wanaishi kwa kuunganisha vipande kama wewe. Lakini pia mambo yamebadilika tangu asome yeye. Chini ya mtaala mpya, sanaa na michezo ni moja ya njia tatu anazochagua mwanafunzi anapoingia sekondari ya juu, sawa na sayansi na masomo ya jamii, na kundi la kwanza limeingia gredi ya kumi mwaka 2026. Shule zitahitaji watu wanaojua kufundisha hayo kwelikweli. Hilo halikuhakikishii ajira. Ila linakupa swali la kujiuliza: karatasi zako za ualimu ziko sawa, umesajiliwa na TSC, ile tume ya walimu? Kama bado, hapo ndipo ningeweka nguvu kabla ya kuamua lolote, maana usajili huo unakufaa ukibaki shule ya kibinafsi au ukitamani ya serikali. Na kama siku moja ungetaka kuongeza elimu ya muziki wetu wenyewe, ala kama udi na kanuni, na taarabu, Unguja kuna chuo cha muziki wa nchi za jahazi kinachofundisha tangu 2002.

La dini sitaligusa mimi. Mtafute mtu wa elimu unayemuamini, umuulize wewe mwenyewe kwa kazi yako jinsi ilivyo, kufundisha watoto, usichukue jibu la mjomba wala la wanaompinga. Nitasema tu kuwa mji huu umelelewa na sauti za wanawake. Bibi zetu wa vyama vya lelemama, ile ngoma ya wanawake, walipanga mashindano, walichangishana, walilisha watu, na walizikana, muda mrefu kabla yetu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi. Hata yeye alikuwa na watu wake waliosema maneno.

Usipende kuikataa kazi ya mjomba kwa hasira, wala kuikubali kwa uchovu. Unaweza kumuomba muda zaidi mpaka mashindano yapite. Hatari ni kwamba nafasi itachukuliwa na yeye aone umemuaibisha mbele ya aliyemuomba. Kama ataona hivyo, ni bora asikie kwako uso kwa uso kuliko kunyamaziwa mpaka tarehe ipite.

Shule nimeiacha nyuma, na hapa nina wasiwasi kidogo. Kila Jumamosi, na Jumapili nyingine? Mkataba wako unasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo. Sikwambii uingie ofisini na sheria mkononi. Katika shule ya kibinafsi mwalimu kijana akisema peke yake anaweza kuonekana mkaidi, na muhula ujao asiitwe. Lakini unaweza kuandika saa zako zote za mwezi mmoja kwenye daftari, ukaenda nalo kwa mwalimu mkuu, na ikiwezekana na mwenzako wa michezo ambaye nadhani naye Jumamosi zake zimeliwa. Omba jambo dogo linaloeleweka: Jumapili zirudi, au Jumamosi ziishie saa sita, au ukilazimika, zilipwe. Kwaya inayoimba kila siku bila kupumzika nayo huchoka, hilo mwalimu wa muziki analijua na mwalimu mkuu pengine halijui. Kuna uwezekano hujawahi kumwambia.

Piano pia itazame. Watoto wa nyumba mbili za karibu hawawezi kukutana nyumba moja? Bei uliyoanza nayo ni ile ile? Mzazi mmoja akikataa na kuondoka, karo itapata tundu, kwa hivyo usifanye yote kwa mkupuo. Na huyo ndugu wa chuo cha ufundi, ameomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi? Wanafunzi wa vyuo vya ufundi hukopeshwa pia. Deni ni deni, atakuja kulilipa yeye, na huenda mama asilipende. Lakini ni kijana mkubwa, anastahili kuulizwa kama yuko tayari kubeba sehemu ya karo yake mwenyewe. Unapomficha uzito unamnyima nafasi ya kukusaidia.

Nimebakisha koo lako, na hapa nitasema kwa ukali kuliko kwengine kote. Walimu ni miongoni mwa watu wanaoharibikiwa na sauti zaidi kwa sababu ya kazi yao, na wewe unafundisha kuimba juu yake. Sauti iliyokauka wiki kadhaa si ya kungoja mashindano yaishe. Ikipita wiki tatu bila kurudi ni ya kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Kunywa maji kutwa, usinong'one kwa kudhani unaipumzisha, kwani kunong'ona nako huichosha, na usisafishe koo kwa kukohoa kwa nguvu. Wape wale watoto mwenzao mmoja aongoze mazoezi ya kupasha sauti. Na mama mwambie. Tangawizi atakayokuchemshia haitatosha, lakini atakuwa amejua.

Sijakwambia uchague lipi. Ungekuwa mbele yangu ningekuuliza maswali zaidi kuliko haya. Nikichagua mimi, wewe ndiye utakayeishi na jibu langu katika nyumba ambayo mimi sijaingia. Mwisho wa mwezi uko karibu, harusi iko mwezi ujao, na kwa jinsi ninavyoona la shoga yako ndilo ambalo haligharimu chochote kulianza wiki hii. Ukishaonana naye niandikie, unieleze alisema nini kuhusu babake. Na ratiba ya kwaya ikitoka, nitajie saa.

Somo yako